Kuchambua, kukata, kutwanga: vitenzi vya jikoni na namna rahisi za kukata majani mabichi ya kiungo

Utangulizi

Katika masomo yetu ya fasihi tunafundishwa kuchambua shairi, riwaya na tamthilia. Kitenzi hicho kina kazi nyingine nje ya darasa. Mama anayekaa na lungo magotini anachambua mboga: anaondoa majani yaliyooza, magugu na mashina magumu ili kibaki kile kinacholiwa. Mhakiki na mpishi wanatumia kitenzi kimoja kwa sababu kazi yao ina sura moja, yaani kutenganisha ili kuona kilichomo.

Makala hii ina makusudi mawili. La kwanza ni kueleza, hatua kwa hatua, namna rahisi za kukata majani ya kiungo nyumbani, kwa vyombo ambavyo kila jikoni linavyo. La pili ni kuchunguza vitenzi ambavyo Kiswahili kinatupa kwa kazi hiyo, na kuonyesha kwamba tofauti kati ya kitenzi na kitenzi ni tofauti ya kazi yenyewe.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wanafunzi wa lugha? Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Hata hivyo maagizo mengi ya upishi, ya lishe na ya usafi yanatufikia yakiwa yameandikwa kwa Kifaransa. Nyumbani, mtoto aliyefika chuo kikuu ndiye anayeombwa kuyafasiri papo hapo, mama akisikiliza na sufuria ikiwa tayari motoni. Tafsiri ikikosea kidogo juu ya seleri, mchuzi utapoteza harufu. Ikikosea juu ya majani ya muhogo, watu wanaweza kuugua. Nitaeleza sababu katika sehemu ya nne.

1. Majina na maandalizi

Majani ya kiungo ni majani yanayotiwa katika chakula kwa ajili ya harufu na ladha, hata kama ni machache. Neno «kiungo» linatokana na kitenzi «kuunga»: kiungo ndicho kinachounga chakula, kama vile kiunganishi kinavyounga sentensi. Katika masoko yetu tunapata zaidi seleri, persili, majani ya vitunguu na kile tunachokiita kwa Kifaransa «poireau». Majina hubadilika kufuatana na nchi: majani yanayoitwa giligilani nchini Tanzania huitwa dania nchini Kenya, na wengine pwani husema kotimiri. Mwandishi wa maagizo achague jina ambalo wasomaji wake wanalitumia sokoni, kisha alishike jina hilo hadi mwisho wa maandishi.

Kazi huanza kabla ya kisu, na hapa vitenzi vitatu vinafuatana kwa utaratibu usiopinduliwa: kuosha, kukausha, kuchambua.

Kuosha kunafanyika majani yakiwa bado mazima. Ukiyakata kwanza kisha ukayaosha, maji yatachukua sehemu ya ladha iliyotoka kwenye mikato. Tumbukiza fungu lote katika beseni la maji safi, litikise, liinue na kuacha mchanga ubaki chini. Rudia hadi maji yabaki meupe.

Kukausha ndiko wengi wanakokuruka, na ndiko kunakoamua mambo. Jani lenye maji hushikamana na kisu na na jani jirani, likateleza chini ya makali, na mwishowe unapata uji wa kijani badala ya vipande. Kung'uta fungu mara kadhaa, kisha lifunge katika kitambaa safi na ulibonyeze polepole.

Kuchambua hutegemea aina ya jani. Mashina membamba ya persili na ya giligilani yanalika, kwa hiyo yanaweza kukatwa pamoja na majani. Mashina ya mnanaa na ya mrehani ni magumu, basi majani hunyofolewa moja moja. «Kunyofoa» ni kutoa kipande kidogo kwa ncha za vidole; «kuchuma» ni kutoa jani au tunda kwenye mmea ulio hai. Mtu huchuma bustanini, hunyofoa jikoni.

2. Kukata na kukatakata: njia tano

Kitenzi «kukata» kinasema tu kwamba kitu kimetenganishwa kwa makali. Hakisemi mara ngapi wala kwa ukubwa gani. Tukikirudufu tunapata «kukatakata», yaani kukata mara nyingi hadi vipande viwe vidogo. Tuangalie kwamba urudufu hauleti maana moja kwa kila kitenzi. «Kutembeatembea» ni kutembea bila haraka wala shabaha. «Kukatakata» hakupunguzi nguvu ya kitendo, kunaongeza hesabu ya vipande. Na mtu «akikataa katakata» hakuna vipande vyovyote, kuna mwisho wa maneno.

Unyambulishaji nao una kazi jikoni. «Kibao cha kukatia» kina kiambishi cha kutendea kwa sababu kibao ni mahali pa kazi. Tunaposema «seleri hii inakatika vizuri», kiambishi -ik- kinasema juu ya uwezekano: seleri haipingi kisu. Kiambishi hicho hicho tunakisikia kila jioni watu wanapolalamika kwamba umeme umekatika.

Sasa njia zenyewe.

Njia ya kwanza ni ya kibao na kisu. Weka kitambaa chenye unyevu chini ya kibao ili kisiteleze. Kusanya majani yawe fungu dogo lililobana. Kunja vidole vya mkono unaoshika ili kucha zirudi nyuma, ubavu wa kisu uguse vifundo vya vidole, na ncha za vidole ziwe mbali na makali. Ncha ya kisu ibaki juu ya kibao. Ni kishikio kinachopanda na kushuka. Ukimaliza mara ya kwanza, kusanya vipande na upite tena kwa kuvuka mikato ya kwanza. Mara mbili au tatu zinatosha.

Njia ya pili ni ya kukunja. Inafaa majani mapana: mrehani, mnanaa, hata matembele na majani ya maboga. Panga majani matano au sita moja juu ya lingine, makubwa yakiwa chini, yakunje kama mkeka, kisha kata kwa kukingama. Utapata nyuzi ndefu nyembamba. Njia hii inahitaji mikato michache kuliko zote, na sababu ya kuipenda itaonekana katika sehemu ya tatu.

Njia ya tatu ni ya mkasi na kikombe. Tia majani yaliyokauka ndani ya kikombe kirefu, ingiza mkasi safi ukielekea chini, ukate huku ukizungusha kikombe. Majani ya vitunguu na persili yanapendeza sana kwa njia hii. Ni njia ya mwanafunzi anayeishi chumba kimoja bila meza, na ya mtoto ambaye bado hajaruhusiwa kushika kisu kikubwa.

Njia ya nne ni ya mkononi, bila kibao. Wazazi wetu wengi hukata lengalenga na matembele hivyo: fungu limebanwa katika ngumi ya kushoto, kisu kinapita mbele ya ngumi, vipande vinaangukia moja kwa moja kwenye sufuria. Ni njia ya haraka kwa mkono uliozoea. Anayejifunza aanze na kibao, kwa kuwa hapa kidole gumba kiko karibu sana na makali.

Njia ya tano haina kisu kabisa: kuchana na kufikicha. «Kuchana» ni kutenganisha kwa kuvuta, kama tunavyochana karatasi. «Kufikicha» ni kusugua kati ya viganja au vidole hadi kitu kivunjike. Majani laini ya mrehani huchanwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Majani yaliyokauka hufikichwa.

3. Makali ya kisu na kuta za seli

Kila jani limeundwa na seli ndogo, na kila seli ina kuta. Ndani yake dutu mbalimbali zimetengwa, kila moja mahali pake. Kuta zikivunjika, dutu hizo zinakutana, na kukutana huko kunazaa kitu kipya: harufu, rangi, wakati mwingine sumu. Hili ndilo jambo kubwa la makala hii, na vitenzi vyetu vyote vinaweza kupangwa juu yake.

Kisu kikali kinavunja seli zilizo kwenye mstari wa mkato tu. Kisu butu hakikati, kinabonyeza. Kinavunja seli pande zote mbili za mstari, maji ya jani yanabaki juu ya kibao na harufu inakwenda pamoja nayo. Mrehani uliobonyezwa hubadilika kuwa mweusi baada ya muda mfupi, kwa sababu vimeng'enya vya jani vimekutana na hewa. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa anayetaka majani ya kijani yenye harufu ni kunoa kisu, na wa pili ni kupunguza idadi ya mikato. Kisu kikali pia ni salama zaidi: butu hulazimisha mkono kutumia nguvu, na nguvu ikiteleza huishia kwenye kidole. Wahenga walisema mla nyama ni mwenye kisu kikali; mla mboga naye hayuko mbali.

Kuna wakati tunataka seli zivunjike. Kitunguu saumu kizima karibu hakina harufu. Ukikikata, harufu inaanza. Ukikiponda, inajaa nyumba nzima, kwa kuwa kimeng'enya na dutu kinachoifanyia kazi vimekutana kwa wingi. Hivyo maagizo yanayosema «kata kitunguu saumu» na yale yanayosema «ponda kitunguu saumu» yanaagiza vyakula viwili tofauti.

Tunaweza sasa kupanga vitenzi kufuatana na idadi ya kuta zinazovunjika, kuanzia chache hadi nyingi: kunyofoa, kukata, kukatakata, kuponda, kutwanga, kusaga. «Kuponda» ni kuvunja kwa kubonyeza au kupiga, kwa jiwe au ubavu wa kisu. «Kutwanga» kunahitaji kinu na mchi, na mapigo yanayorudiwa. «Kusaga» ni kugeuza kitu kuwa unga au rojo kati ya mawe mawili au kwa mashine. Kifaransa nacho kina ngazi yake: «émincer» ni kukata vipande vyembamba, «ciseler» ni kukata majani laini bila kuyabonyeza, «hacher» ni kukatakata, «concasser» ni kuvunja vipande vikubwa, «piler» ni kutwanga. Ngazi hizi mbili hazilingani kidato kwa kidato, na mfasiri anayetumia «kukata» kwa vitenzi vitano amemnyima msomaji habari aliyoihitaji.

4. Sombe: mahali ambapo kitenzi ni uhai

Majani ya muhogo yana dutu iitwayo linamarini. Mahali pengine katika jani hilo hilo kuna kimeng'enya, linamarase. Jani likiwa zima, viwili hivi haviungani. Kuta zikivunjika, kimeng'enya kinaikata linamarini, na mwisho wa kazi hiyo ni sianidi ya haidrojeni, ambayo ni sumu. Sumu hiyo ina udhaifu mmoja unaotuokoa: huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi, kwa hiyo huondoka na mvuke upesi.

Tazama basi hekima iliyo katika utaratibu wa mama zetu. Kwanza wanatwanga, si kukata, hadi majani yawe laini kabisa: karibu seli zote zimevunjika, na linamarini imekutana na kimeng'enya chake kinu kikiwa wazi. Kisha wanachemsha kwa muda mrefu: sumu inapaa. Baadaye ndipo huingia mafuta ya mawese, vitunguu, biringanya na majani ya kiungo. Wapo wanaopitisha majani katika maji ya moto kwanza ili yalegee kabla ya kutwangwa. Joto kali huharibu kimeng'enya, kwa hiyo anayefuata njia hiyo amwage maji yale ya kwanza, ambayo yamechukua sehemu ya linamarini, na asifupishe muda wa kuchemsha.

Sasa fikiria mwanafunzi anayefasiri karatasi ya Kifaransa yenye maneno «feuilles de manioc hachées». Kamusi inampa «kukatakata». Anaandika: «katakata majani ya muhogo, tia sufuriani, pika kidogo». Sarufi haina kosa, upatanisho ni mzuri, na mwalimu angempa alama nzuri. Lakini majani yaliyokatwa kwa kisu yamevunjika kwenye mistari ya mikato tu. Sehemu kubwa ya linamarini imebaki ndani, na mapishi mafupi hayatoshi kuiondoa. Anayeijua sombe tangu utoto atacheka na kutwanga kama kawaida. Mgeni, au kijana aliyekulia mbali na kinu, atafuata maandishi.

Historia ya nchi yetu inatukumbusha kwamba muhogo haufanyiwi mchezo. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa konzo katika eneo la Kwango, unaopoozesha miguu ghafla. Ugonjwa huo unahusishwa na mizizi ya muhogo mchungu isiyolowekwa wala kukaushwa vya kutosha, hasa pale ambapo chakula kingine ni haba. Hautokani na sombe iliyotwangwa na kupikwa vizuri. Jina lenyewe ni la lugha ya Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Ulimwengu wote wa tiba leo unatumia neno hilo la Kiafrika, kwa sababu walioathirika walikuwa wamekwisha kulitaja jambo barabara.

Mjini wengi hawatwangi tena. Wanapeleka majani kwenye mashine. Kiswahili kimelifuata badiliko hilo bila taabu kwa kiambishi cha kusababisha: tunasagisha sombe, kama tunavyosagisha mahindi. Kuta zinavunjika vilevile, na muda wa kuchemsha haupungui.

5. Namna ya kuandika maagizo

Kutokana na hayo napendekeza kanuni nne kwa anayeandika maagizo ya jikoni.

Kanuni ya kwanza: kila hatua iwe na kitenzi kimoja kikuu, na kitenzi hicho kiwe mahususi. «Tayarisha majani» haisemi kitu. «Osha, kausha, nyofoa» inasema yote.

Kanuni ya pili: tumia amri, si jina la kitendo. Kifaransa huandika maagizo kwa kitenzi kisichonyambuliwa kwa nafsi, nasi tunajikuta tunaandika «kuosha majani, kukata majani» kana kwamba tunataja vichwa vya habari. Kiswahili kina amri ya umoja na ya wingi, na kina dhamira tegemezi kwa hatua inayofuata: «osha majani, kisha uyakaushe».

Kanuni ya tatu: acha upatanisho ufanye kazi. Nyumbani wengi wetu tunasema «osha ile majani», na tunaelewana kwa sababu majani yako mbele yetu. Katika maandishi hakuna wa kunyoosha kidole. «Yakate» inaelekeza kwenye majani, «ikate» kwenye seleri, «kikate» kwenye kitunguu. Silabi moja inazuia mkanganyiko.

Kanuni ya nne: onyo litangulie kitendo, na kipimo kiwe cha jikoni. «Kabla ya kuonja, hakikisha majani yamechemka vya kutosha» ina faida. Onyo hilo likija baada ya «onja» limechelewa. Na vipande viwe vya ukubwa wa punje ya mchele, au upana wa kidole, kwa sababu vipimo hivyo hakuna asiyekuwa navyo.

Huu hapa mfano mfupi, wa kutia seleri na majani ya vitunguu katika maharagwe:

«Noa kisu. Osha fungu moja la seleri na fungu moja la majani ya vitunguu yakiwa mazima. Yakung'ute, uyakaushe kwa kitambaa safi. Tenga mashina ya seleri na majani yake. Mashina yakatekate yawe na ukubwa wa punje ya mahindi, uyakaange pamoja na kitunguu mwanzoni. Majani yakate kwa mkasi ndani ya kikombe. Maharagwe yakiisha kuiva, ondoa sufuria motoni, nyunyiza majani, funika kwa dakika mbili, kisha pakua.»

Mashina magumu huvumilia moto, kwa hiyo yanatangulia. Majani laini hupoteza harufu upesi, kwa hiyo yanakuja mwisho. Msomaji hakuambiwa sababu hizo, lakini utaratibu wa vitenzi umezibeba.

Mazoezi

1. Panga vitenzi hivi kuanzia kile kinachovunja seli chache hadi kile kinachovunja nyingi, na utoe mfano wa chakula kwa kila kimoja: kusaga, kunyofoa, kuponda, kukatakata.

2. Fasiri kwa Kiswahili, bila kutumia «kukata» zaidi ya mara moja: «Ciseler le persil, hacher l'oignon, piler l'ail.» Eleza uchaguzi wako.

3. Sahihisha maagizo haya, ya lugha na ya usalama: «Kuchukua majani ya muhogo, kukata ile majani kidogo kidogo, kupika dakika kumi.»

4. Muulize mzee wa nyumbani kwenu aeleze namna anavyoandaa mboga moja ya majani. Andika vitenzi vyote alivyotumia, katika lugha yoyote aliyoitumia, na utafute kwa kila kimoja kitenzi cha Kiswahili kinachokaribia zaidi. Pale unapokosa, usibuni. Eleza kitendo kwa maneno ya kawaida.

Hitimisho

Tumeona kwamba kukata majani ya kiungo ni kazi ya dakika chache iwapo majani ni makavu, kisu kina makali na njia inafaa aina ya jani. Tumeona pia kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno kwa kazi hiyo. Upungufu uko kwetu tunapokimbilia kitenzi kimoja kwa kila kitu. Zoezi la nne ndilo ninaloliomba zaidi kwa wenzangu. Vitenzi vingi vya mikono bado viko kwa watu wasioandika, na tutakapokuja kufasiri maagizo ya lishe kwa ajili ya mitaa yetu, hao ndio tutakaowahitaji kukaa nao, lungo likiwa katikati.